Harusi Chini ya Slabu Changa

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuifanya vizuri kupita kiasi. Siku niliyoingia yadini pale mjini Kabati nilipewa mwiko wa chuma na kuambiwa nisawazishe boriti zilizotoka kumiminwa. Foman, msimamizi wetu, alimaanisha nikwangue konkriti iliyofurika juu ya kalibu, basi. Mimi nilizisugua. Nilizisugua hadi uso wa juu ukang'aa kama meza ya hoteli, nikainama na kutazama kwa jicho moja upande wa jua, nikaona kasoro, nikarudia. Wenzangu walipoenda kunywa chai mimi nilibaki hapo hapo. Nilitaka mtu yeyote atakayepita aseme, huyu kijana anajua.

Kesho yake asubuhi Foman alizipitia. Alikuwa mtu mrefu, shemasi kanisani kwao, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Nani amepiga hizi polishi?"

"Ni mimi, Foman."

"Ulifundishwa wapi?"

"Kwa simu."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kusomea ujenzi. Nilikuwa nimetazama video za mafundi wa nchi nyingine mpaka nikaamini nimekuwa fundi, ila wale niliowatazama walikuwa wakitengeneza sakafu za sebule.

"Na hiyo simu haikukuambia juu ya boriti kunakaa nini?"

Akaniambia, na nawaambia ninyi mnaoanza kama alivyoniambia. Boriti za aina hii hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, kati yake zikawekwa bloki, juu yake ukatandazwa wavu wa chuma, kisha ikamiminwa konkriti nyingine ya kufunika vyote. Hiyo ya juu lazima ing'ang'anie ile ya chini ziwe kitu kimoja. Uso wa boriti ukiwa laini hakuna cha kushikwa. Uso wa juu wa boriti unatakiwa kuwa mbaya. Ubaya huo ndio kazi yake.

Siku hiyo yote nilishinda na nyundo na patasi nikikwaruza uzuri wangu mwenyewe. Wenzangu walinipa jina, Fundi wa Simu, na jina likaganda kuliko simiti.

Kwa wasiojua yadi ni nini, nieleze kidogo. Nyumba ya kawaida humiminwa pale pale inapojengwa. Sisi tulimimina vipande yadini, chini, mahali unapoweza kuvikagua bila kupanda ngazi, tukaviacha vikomae, kisha tukavibeba hadi jengoni na kuvipanga. Nguzo za ua, kalvati za barabara, mabamba ya ukuta, boriti za sakafu, vyote vilianza kwenye kalibu. Kalibu ni sanduku la chuma au mbao lenye umbo la kile unachokitaka. Unaipaka oli ndani ili kitu kisigande, unaweka vyuma vyako, unamimina, unatikisa kwa vaibreta hewa itoke. Nikiwa peke yangu na kalibu, nakiri, nilikuwa mtu mwenye furaha. Kitu kinachotoka kikiwa na kona kali, bila tundu hata moja, kilinifurahisha hadi nikaona haya.

Halafu kuna kunywesha. Konkriti haikauki kama matope. Inakomaa, na ili ikomae inataka maji kila siku. Kabati ni joto. Ukiimimina na kuisahau, jua linainyonya maji kabla haijapata nguvu, nayo inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Tulifunika vipande kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni. Maji yenyewe yalikuja kwa punda kutoka visima vya mchanga mtoni. Mama mmoja aliyetuletea alikuwa akishusha mitungi huku akitikisa kichwa.

"Watu wanatafuta maji ya kunywa, ninyi mnanywesha mawe!"

"Mama, haya mawe ni matoto," Foman alimjibu. "Usiponyonyesha mtoto, atakubeba uzeeni?"

"Ii, na wewe usinyonyeshe hayo yako hadi punda wangu wafe!"

Yadi ilikuwa ya mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia kutoka Murang'a kufanya biashara. Sote tulimwita Mama Yadi. Hakuwa anainua mwiko, lakini alijua kila kipande kilichotoka langoni kimekwenda wapi, na alikuwa na tabia ya kukuuliza swali moja tu kisha akanyamaza mpaka ujibu.

Baadaye alinipeleka Mtito Andei, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengewa ukuta kando ya kituo cha mafuta. Kule mkubwa wangu alikuwa Kontrakta, mtu mcheshi anayekula nyama choma akiwa amesimama. Kwake nilijifunza kwamba bamba la ukuta husafirishwa likiwa limesimama, kamwe lisilale. Likilala juu ya lori, kila shimo la barabara linalipiga katikati, na katikati ndipo penye udhaifu. Nilijifunza pia kwamba mimi huwachosha watu. Nilikuwa napima bamba, likiwekwa napima tena, wenzangu wakienda kula narudi kupima la kwanza.

"Wewe Fundi wa Simu," Kontrakta aliniambia, "hiyo pimamaji ukiendelea kuiweka, itaanza kukudanganya ili ikufurahishe."

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniuma. Sikuwa napima kwa sababu nilishuku ukuta. Nilikuwa najishuku mimi mwenyewe. Na mtu anayejishuku kila wakati hupata taabu moja kubwa: siku anapokuwa na sababu ya kweli ya kuogopa, hawezi kuitofautisha na siku nyingine zote.

Siku hiyo ilinikuta Nunguni.

Kanisa moja kule juu lilikuwa linaongezewa ghorofa kwa ajili ya Sunday school. Kuta za ukumbi wa chini zilikuwepo, waumini waliabudu humo miaka mingi chini ya mabati. Sisi tulileta boriti na bloki za sakafu ya juu, slabu kama tunavyoiita. Foman ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi, mimi msaidizi wake. Tulipandisha boriti kwa kamba na mabega ya vijana wa kanisa, tukiimba, na kina mama walituletea isyo kwenye sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalegea. Nikipewa nafasi ya kurudia siku chache za maisha yangu, hizo zitakuwa miongoni mwao.

Sakafu ya namna hii, kabla konkriti ya juu haijakomaa, haijibebi. Chini ya boriti husimamishwa posti, miti mirefu ya mikaratusi, na kila posti hukazwa mguuni kwa kabari za mbao. Posti zetu zilikuwa mistari mitatu kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Mstari wa kati ulipita katikati kabisa ya njia ya kanisa.

Hapo mwanzo hilo halikumsumbua mtu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwalimu mstaafu ambaye wote walimwita Mwalimu, alikuwa amepanga kila kitu. Tungemimina, tungenywesha, posti zingetoka, na binti yake wa mwisho, Mwende, angeolewa chini ya sakafu mpya. Lakini mvua ilikuja, lori la kokoto likakwama kwenye mteremko wa matope, na kumimina kukachelewa. Tulipomaliza, harusi ilikuwa imebaki wiki mbili na siku chache. Jioni hiyo hiyo Foman alipigiwa simu: mama mkwe wake amefariki. Akaondoka kwenda mazishini kwa upande wa Mutomo, ambako simu hushika ikitaka.

"Posti unajua," aliniambia akipanda gari.

"Najua, Foman."

Sikujua. Kabati, kwa lile joto, sakafu kama ile tuliitolea posti baada ya wiki mbili na tukalala usingizi. Lakini Nunguni si Kabati. Asubuhi kule kuna ukungu unaoingia hadi ndani ya koti. Konkriti kwenye baridi haifi, ila inakomaa polepole, kama mahindi ya kule juu ambayo bado ni mabichi wakati ya kwetu yameshakaushwa. Nilikuwa nimelisikia hilo likisemwa. Sikuwahi kuliona kwa macho yangu.

Siku tatu kabla ya harusi Mwalimu alikuja na vijana wanne na nyundo.

"Kijana, wiki mbili zimefika. Tusaidie kutoa haya majiti tupambe kanisa."

"Mwalimu, hazijawa tayari."

"Foman alisema wiki mbili."

"Alisema za Kabati, Mwalimu. Huku ni baridi."

Alinitazama kwa upole wa mtu aliyefundisha watoto wengi waongo. "Una hakika?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kusema kweli, sikuwa na hakika. Nilikuwa na woga, na woga nilikuwa nao kila siku, hata kwa nguzo ya ua. Ningejua vipi kwamba huu ndio wa kweli? Nikizitoa posti na sakafu ikakaa, harusi itapendeza na kila mtu atafurahi. Nikizitoa na isikae, chini yake kutakuwa na kwaya, wazee, watoto, na binti wa watu amevaa gauni jeupe. Nikikataa bure, nitakuwa nimeharibu siku ambayo familia moja imeingoja kwa sababu tu mimi ni mtu wa kuogopa.

Nilijaribu kumpigia Foman, hakupatikana. Nikampigia Mama Yadi, nikamweleza haraka haraka mpaka akaniambia nipumue.

"Mimi niko Kabati," akasema. "Hiyo slabu siioni. Wewe ndio uko hapo. Ukisema zinakaa, zinakaa, na huyo Mwalimu akinipigia nitamwambia hivyo hivyo. Lakini uniambie kitu moja. Ni konkriti inaogopa, ama ni wewe?"

Akanyamaza. Ilikuwa ile tabia yake.

Nilisema, "Nipe saa moja, Mama."

Siku tuliyomimina nilikuwa nimejaza masalio ya konkriti kwenye kikalibu kidogo, ukubwa wa tofali. Vijana walinicheka, wakauliza kama namjengea kuku. Kipande hicho nilikuwa nimekitoa na kukiacha juu ya sakafu ile ile, kwenye ukungu ule ule, kikanyweshwa maji yale yale. Nilipanda nikakishusha, nikakiweka kwenye benchi mbele ya Mwalimu. Nikachukua msumari nikaukokota juu yake. Ulizama, ukaacha mfereji, na unga wa kijivu ukamwagika kwenye benchi. Nikagonga kona kwa nyundo, si kwa nguvu. Kona ikamomonyoka.

Sasa nilijua kitu ambacho saa moja iliyopita sikukijua. Iliyoogopa ilikuwa konkriti.

"Mwalimu, hii ndiyo iko huko juu."

Mwalimu alikigeuza geuza kile kipande. Mkewe, Mama Mwende, ambaye alikuwa akikata vitambaa vya mapambo pembeni, alikuja, akatoa kisu chake cha jikoni na kuchoma ncha pale nilipokokota msumari. Akachimba kidogo.

"Baba Mwende," akasema, "hii ni ugali bado haijaiva. Unataka kugeuza sufuria?"

"Lakini huyu mtoto ataingia kanisani akipita kwa msitu?"

"Wacha apite kwa msitu. Mimi niliolewa mabati yakivuja, na sikurudi kwetu."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Alikuwa mtu mzima, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. "Mwana wakwa," akaniambia, na hakuwa ameniita mtoto wake hata siku moja kabla ya hapo, "hizo kabari zako umezikaza vizuri?"

"Nitazikaza tena."

"Hiyo naamini," akasema.

Kina mama walizivika posti. Walizifunga leso za kila rangi, kutoka chini hadi juu, na mlangoni wakafunga maua ya kahawa. Upande wa bwana harusi ulikuja kutoka Mtito Andei, watu wa hoteli na maduka, na walipoingia mlangoni walisimama.

"Haiya! Hawa Wakamba wa milimani wamepanda miti ndani ya kanisa!"

"Ni ya kuwafungia mbuzi mlioleta!" mama mmoja wa Nunguni akawajibu, na ukumbi wote ukacheka. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi.

Mwende aliingia na baba yake. Njia ilikuwa na posti katikati, kwa hiyo yeye alipita upande huu na Mwalimu upande ule. Walishikana mikono, wakifika kwenye posti wakaachana, wakipita wakashikana tena. Wakaachana, wakashikana, hadi mbele. Hakuna aliyepanga hivyo. Watu walikuwa wameanza kucheka, lakini kufika katikati ya kanisa kicheko kiliisha, na nilimwona Mama Mwende akishika ukingo wa leso yake mdomoni.

Mimi sikukaa. Nilizunguka ukutani nikihesabu kabari kwa macho. Kwaya ilipoanza kucheza, kijana mmoja wa Mtito aliruka, na kiatu chake kikapiga mguu wa posti ya tatu. Nikaona kabari ikiteleza chini ya benchi. Niliingia chini ya mabenchi kwa suruali yangu ya Jumapili, nikatambaa kati ya miguu ya watu, nikaipata, nikavua kiatu na kuigongea mahali pake kwa kisigino. Nilipoinuka nilikuwa hatua mbili kutoka kwa bibi harusi.

"Fundi," akaninong'oneza, "umeangusha nini?"

"Kabari."

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Nesa, vizuri. Basi tuendelee."

Posti zilikaa tena wiki mbili na zaidi. Foman alirudi Nunguni siku tuliyozitoa. Tulilegeza kabari kuanzia katikati kwenda pembeni, moja moja, kwa sababu ukianza pembeni katikati inabaki imebeba mzigo wote. Kila iliyolegea nilisikiliza. Hakuna kilicholia. Foman alipanda juu, akatembea, akapiga kwa kisigino, akashuka.

"Iko sawa," akasema. Hakuniambia zaidi, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Wakati wa chai Mwalimu alimsimulia habari yote: msumari, kisu, leso, kutengana na kushikana. Foman alisikiliza hadi mwisho huku akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Kati ya mstari mmoja wa posti na mwingine," akauliza, "si wanapita watu wawili?"

"Wanapita," nikasema.

"Sasa mbona hamkusogeza mabenchi, njia ikapita kando?"

Mwalimu alinitazama. Mimi nilimtazama Mama Mwende. Mabenchi yale hayakuwa yamefungwa sakafuni. Vijana wanne wangeyasogeza kabla chai haijapoa. Sote tulikuwa tumegombana kuhusu posti, na hakuna aliyefikiri kwamba bibi harusi anaweza kupita mahali pengine isipokuwa katikati.

Mama Mwende ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Afadhali hatukujua," akasema. "Afadhali kabisa."

Mwalimu alikubali kwa kichwa.

Umri wangu si wa kustaafu, lakini mgongo wangu umestaafu. Boriti moja Kabati iliniponyoka mikononi ikanitegua mgongo, na daktari akanikataza kunyanyua, kwa hiyo siku zangu za kamba na mabega zimekwisha ningali kijana. Mama Yadi hakuniacha niondoke. Alinipa kazi ya kukagua, na anasema ndiyo niliyokuwa nikiifanya tangu mwanzo, ila sasa ananilipa kwayo. Foman yeye alistaafu kweli, yuko kwake na mbuzi wake. Ninyi mnaoingia sasa mtakuta lori lenye mkono wa kunyanyulia, na hamtaimba mkipandisha boriti. Migongo yenu itawashukuru. Nyimbo nitazikosa.

Bado naogopa. Napenda niliseme hilo wazi, kwa sababu wapo wenzangu wanaofikiri siku moja woga utaisha na ndipo watakuwa mafundi. Wangu haukuisha. Nimejifunza tu kuuliza ni nani anayeogopa, mimi au konkriti, na kutafuta msumari kabla ya kujibu.

Na yadini mambo mawili yamebadilika tangu Nunguni. Kila tunapomimina tunaacha kipande kidogo juu ya jengo, na posti hazitoki kabla hakijakwaruzwa, iwe ni joto au baridi. Na kabla ya kusimamisha posti ya kwanza, tunamuuliza mwenye jengo kuna harusi, mazishi au harambee gani mbele, na watu watapita wapi.